Tangi Linapougua kwa Sababu ya Mchanga: Kupima na Kurekebisha Vifaa vya Bei Nafuu vya Kutandika Ndani ya Tangi la Samaki

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo nyumbani hugundua mapema kwamba mfuko wa mchanga maalumu wa dukani unaweza kumgharimu kuliko samaki wenyewe, ilhali uani kwake kuna mchanga wa mtoni, kokoto, vigae vya vyungu vilivyovunjika, mkaa, na gololi ambazo watoto wamezisahau. Tangi la sentimita 60 kwa 30 lenye tabaka la kina cha sentimita 4 huhitaji lita 7 hivi za mchanga, yaani theluthi ya ndoo ya lita 20, wenye uzito wa takribani kilo 11. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, ni vigumu kumshawishi mtu anunue. Shida ni kwamba mchanga wa uani haukuja na maelezo ya ulikochotwa wala ulichochanganyika nacho, na mambo yakianza kuharibika mfugaji humkodolea macho samaki na kumtafutia dawa, huku mchanga ukiendelea na kazi yake kimyakimya.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: dalili ilianza lini baada ya mchanga kuingia majini? Kinachotokea ndani ya dakika chache kwa kawaida ni vumbi. Kinachotokea baada ya siku mbili hadi tano mara nyingi ni bakteria au kitu kinachooza. Chokaa hujionyesha kwa siku kadhaa hadi wiki chache, na mchanga uliokosa hewa huchukua miezi. Mpangilio huu una mapengo yake, lakini humwokoa mtu na kubahatisha.

Chupa ya shahidi

Kabla ya kuulaumu mchanga unahitajika ushahidi, na ushahidi wenyewe ni chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana. Zioshe kwa maji matupu bila sabuni, tia mchanga uliosafishwa katika moja hadi theluthi yake, kisha jaza zote mbili maji yaleyale unayotumia kwenye tangi. Chupa isiyo na mchanga ndiyo shahidi. Pima pH (kipimo cha tindikali: chini ya 7 maji yana tindikali, juu ya 7 ni kinyume chake) na ugumu wa maji (wingi wa madini kama kalsiamu yaliyoyeyuka) katika chupa zote mbili siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, huku ukizitikisa kidogo kila siku. Vijikaratasi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea vinafaa kwa kazi hii, kwa kuwa vingi huonyesha pH, ugumu, na pia uwezo wa maji kuhimili tindikali.

Wengi huiona chupa ya pili kuwa ni kupoteza muda. Maji mengi ya visima hutoka ardhini yakiwa na kaboni dayoksaidi nyingi iliyoyeyuka, ambayo huishusha pH. Yakikaa wazi siku moja, hewa hiyo hutoka na pH hupanda yenyewe hata kama chupani hamna punje moja ya mchanga. Asiyeweka shahidi atautupa mchanga mzuri kwa kosa la maji. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya chupa mbili, wala si namba iliyosomwa katika moja peke yake.

Maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele

Kama weupe umeanza wakati wa kujaza tangi, chanzo ni vumbi na mfinyanzi uliobaki kwenye mchanga. Mchanga wa ujenzi huhitaji kuoshwa mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Tia kiasi kidogo, kama robo ya ndoo, koroga kwa mkono hadi chini, mwaga maji machafu, na urudie mpaka uione mikono yako vizuri ndani ya maji. Mara 15 si nyingi. Anayetia nusu ndoo kwa pupa huosha tabaka la juu tu, na la chini hubaki na tope lake.

Kujua kama mchanga una mfinyanzi mwingi, jaza chupa maji, tia mchanga, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu, kisha iache. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, mashapo laini huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kuelea kwa siku kadhaa. Ikiwa kesho yake maji bado yana rangi ya chai ya maziwa, mchanga huo hautaacha kukusumbua kila kambare atakapochimba.

Ikiwa maji yalikuwa safi siku ya kwanza na weupe ukaja siku ya tatu, usiukoroge mchanga wala kuuosha upya. Chota maji kwenye bilauri ya kioo na uiache usiku kucha bila kuitikisa. Vumbi litatua chini, na asubuhi utaliona kama mstari mwembamba wa unga. Weupe wa bakteria hautatua. Bilauri itabaki na ukungu uleule. Bakteria hao wanakula mabaki ya viumbe yaliyomo mchangani au chakula kilichozidi. Punguza chakula, ongeza mapovu ya hewa, na mara nyingi maji hutakata yenyewe ndani ya siku chache.

pH inapanda, na kioo kinaota utando mweupe juu ya mstari wa maji

Hii ndiyo kasoro inayowapata zaidi wakazi wa pwani, na sababu yake iko miguuni mwao. Mchanga mweupe wa fukwe za mashariki mwa Unguja kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsiamu kaboneti. Mawe ya matumbawe yanayojengea nyumba za mwambao ni kitu kilekile, na maganda ya mayai vilevile. Katika maji yenye tindikali kidogo, madini hayo huyeyuka polepole, huongeza ugumu, na huivuta pH kuelekea 8 na zaidi. Utando kwenye kioo ni chokaa inayobaki maji yanapokauka, ingawa maji magumu ya kisima nayo huuacha bila msaada wa mchanga wowote. Hapo ndipo shahidi anapohitajika tena.

Kipimo cha haraka ni siki ya kawaida ya mezani, yenye asilimia 5 hivi ya asidi ya asetiki. Jiwe au mchanga uwe mkavu, kwa sababu maji yaliyo juu yake huidhoofisha siki. Weka kijiko kimoja cha mchanga kwenye kisahani, dondoshea matone machache, kisha sogeza sikio karibu. Makombe husikika kabla hayajaonekana: mlio mdogo mfano wa soda iliyofunguliwa, halafu ndipo mapovu yanapojitokeza kandokando ya punje. Povu moja moja linaloibuka mara tu siki inapomwagwa na kukoma ni hewa iliyokuwa imenaswa kati ya punje. Mapovu yanayoendelea kutoka palepale kwa dakika nzima ni ya chokaa. Baadhi ya mawe, kama dolomiti, huitikia polepole mno, kwa hiyo jiwe lililonyamaza lipondwe kipande na unga wake upimwe tena.

Neno «marumaru» nalo huponza watu. Marumaru ya asili ni mawe ya chokaa na hutoa povu, lakini vigae vya sakafuni ambavyo mafundi huviita kwa jina hilohilo ni udongo uliochomwa na kwa kawaida havina neno, ila kingo zake zilizovunjika hukata kama wembe na saruji iliyoganda nyuma yake ni lazima ing'olewe yote.

Siki, hata hivyo, ina udhaifu ambao nilijifunza kwa hasara. Niliwahi kuchota mchanga kwenye lundo lililobaki mahali palipokuwa pakijengwa ukuta, nikaupima kwa siki, siki ikanyamaza, nami nikaumwaga tangini siku hiyohiyo. Siku ya tatu samaki wangu wa gapi walikuwa wameng'ang'ania kona moja wakiwa wamekunja mapezi, na kijikaratasi cha pH kikageuka rangi ya mwisho kabisa kwenye kipimo chake. Mchanga ulikuwa umechanganyika na saruji. Saruji hutoa haidroksidi ya kalsiamu, ambayo humenyana na tindikali bila kutoa gesi yoyote, kwa hiyo mtu anayesubiri mapovu huenda asione kitu, wakati maji yaliyogusana nayo yanaweza kufika pH ya 12. Chupa ya siku saba ingeniambia hayo kabla ya kuwapoteza samaki wanne. Tangu hapo siki naiamini inaposema «hapana» tu. Kunyamaza kwake si ruhusa.

Mkaa na jivu lake huleta udanganyifu unaofanana na huo. Mkaa wenyewe hauna madhara makubwa, lakini jivu lililoushikilia lina potasi, nayo huipandisha pH upesi. Mkaa uliokwisha kushika moto jikoni usitumiwe kabisa. Ulio mpya uoshwe hadi maji yasitoe weusi, uchemshwe ili uzame, na bado uwekwe kwenye chupa ya majaribio kwa wiki.

Kokoto nyepesi za volkano, zenye matundu kama sponji, kwa kawaida ni nzuri na bakteria huzipenda. Lakini isidhaniwe kwamba kila kinachotoka kwenye volkano ni salama: Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, hutoa lava ya kaboneti za sodiamu, jamaa wa karibu wa magadi yanayotiwa kwenye maharage. Jivu la namna hiyo halina nafasi ndani ya tangi la maji laini.

Kupanda kwa pH si balaa kwa kila mtu. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana pH inayokaribia 9, na samaki wake wadogo wa jamii ya Neolamprologus multifasciatus huishi na kuzaliana ndani ya maganda matupu ya konokono. Mwenye samaki hao atautafuta kwa makusudi mchanga ambao mwenye samaki wa tetra wa mito ya Amazon, wanaopenda maji laini, anaukimbia. Gapi na moli huvumilia maji magumu vizuri, ilmradi badiliko lisiwe la ghafla.

Samaki wanahema juu ya maji siku chache baada ya udongo kutiwa

Baadhi ya wapenda mimea ya majini hutandika udongo wa bustani chini na kuufunika kwa mchanga. Mbinu hiyo hufanya kazi, lakini udongo ukiwa na samadi au mboji mbichi hutoa amonia kwa wingi. Dalili zake ni samaki kuhemea juu, matamvua kuwa mekundu kupita kiasi, na wengine kulala chini wakiwa wameduwaa. Tofauti na upungufu wa kawaida wa oksijeni, ambao huonekana zaidi alfajiri na kupungua ukiongeza mapovu ya hewa, sumu ya amonia haiondoki hata pampu ikifanya kazi mchana kutwa.

Hapa makosa mawili madogo hukutana na kuzaa moja kubwa. Amonia majini huwa na sura mbili: moja hatari, nyingine isiyodhuru sana, na pH ndiyo inayoamua kiasi cha kila moja. Katika nyuzijoto 25 na pH ya 7, sura hatari haifiki hata asilimia 1. Katika pH ya 8 inapita asilimia 5. Katika pH ya 9 inapita theluthi. Kwa hiyo mtu aliyetandika udongo wenye mboji kidogo anaweza kuponea, na aliyetandika mchanga wa matumbawe anaweza kuponea, lakini aliyefunika udongo huo kwa mchanga huo ameyafanya yaleyale maji yawe na sumu mara nyingi zaidi. Joto la Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya tangi hufika nyuzi 28 bila hita, huongeza ukali huo.

La kufanya kwanza ni kubadilisha theluthi hadi nusu ya maji, kwa maji yaliyotolewa klorini na yasiyo na pH kubwa kuliko ya tangi, kwa sababu maji mapya yenye pH ya juu huigeuza amonia iliyobaki kuwa kali zaidi. Acha kulisha kwa siku mbili. Samaki mzima hafi kwa hilo. Kisha pima amonia kila siku. Tangi jipya huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha wa kuigeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na tangi la udongo ni bora likae kipindi hicho chote likiwa na mimea tu. Udongo wa kutumia uchimbwe chini ya tabaka lenye mizizi na majani yaliyooza, usiwe umewahi kupuliziwa dawa ya wadudu, nao usizidi sentimita 2 au 3.

Madoa meusi mchangani na harufu ya yai viza

Mchanga laini mno hujishindilia, maji huacha kupita katikati ya punje zake, na bakteria wasiohitaji oksijeni hushika eneo hilo. Hao hutoa haidrojeni salfidi, ambayo ikikutana na chuma iliyomo mchangani hufanya madoa meusi yanayoonekana kupitia kioo cha pembeni. Chomeka kijiti taratibu kwenye doa: likitoka povu kubwa moja linalopasuka juu na kuacha harufu ya yai viza, jibu umelipata.

Doa dogo chini ya mchanga tulivu halihitaji hofu, maana gesi hiyo ikipanda polepole ndani ya maji yenye oksijeni huharibika haraka. Hatari iko katika kuligeuza tabaka zima kwa mkono siku moja, samaki wakiwa humo. Ingiza kijiti sehemu moja ndogo kila siku chache, badilisha maji baada ya kila zoezi, na tabaka lisilo na mimea lipunguzwe hadi sentimita 3. Konokono wadogo wenye maganda marefu yaliyochongoka, wanaopatikana katika mito na maziwa mengi ya Afrika Mashariki, huchimba mchanga usiku na kuufanya usishikane. Kwa maoni yangu wao hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mwenye tangi, ingawa huzaana bila haya.

Mchanga uliochekechwa kwa wavu wa madirisha ya mbu, ukachukuliwa ule uliobaki juu ya wavu, hupunguza tatizo hili tangu mwanzo. Gololi huangukia upande wa pili: chakula hupenya kati yake, kikatua mahali ambapo samaki hawafiki, na kuoza. Tabaka la gololi liwe moja tu, nalo linyonywe uchafu kwa mpira kila wiki.

Dalili ndogo ndogo

Maji yenye rangi ya chai ya rangi hutokana na magome, makumbi ya nazi au majani ya mkungu. Hayadhuru, na samaki wengi wa maji laini huyafurahia; asiyeyapenda aloweke vitu hivyo na kumwaga maji kila siku kwa wiki mbili.

Konokono au kamba wakifa ilhali samaki wako salama, fikiria shaba, dawa ya wadudu, au rangi inayobanduka kwenye kokoto za mapambo. Kwaruza kokoto kwa ukucha na kisu, ikibanduka, iondoe.

Mchanga uliochotwa karibu na bahari unaweza kuwa na chumvi hata baada ya kuoshwa. Tia maji ya mwisho ya kuoshea kwenye kijiko cha chuma kisichoshika kutu, yakaushe juu ya moto mdogo, na ulinganishe na kijiko cha maji matupu ya bombani. Ganda jeupe lililo nene zaidi kwenye kijiko cha kwanza halihitaji maelezo.

Mchanga mweusi unaonata kwenye sumaku iliyotolewa katika spika mbovu una punje za chuma. Majini kwa kawaida hautoi sumu, lakini punje hizo hushika kwenye sumaku ya kusafishia kioo na kukikwaruza, tena hupenya ndani ya pampu na kuila.

Vipande vya matofali ya kuchoma na vyungu visivyopakwa rangi vinafaa kwa mimea, ila si chini ya kambare wadogo wanaotafuta chakula kwa ndevu. Ukiona ndevu zao zimepungua urefu, pitisha kiganja juu ya tabaka. Kinachokukwaruza wewe kinawakwaruza na wao. Kokoto zisikaushwe kwa kutupwa motoni, kwani maji yaliyonaswa ndani yanaweza kuzipasua kwa kishindo. Jua na turubai vinatosha.

Kuondoa mchanga mbaya bila kuhamisha samaki

Ikiwa chupa imethibitisha kwamba mchanga una saruji, chumvi au dawa, samaki wahamishwe siku hiyohiyo. Ikiwa kasoro ni chokaa au mchanga laini kupita kiasi, uondoe kwa awamu, theluthi moja kila wiki, kwa kuunyonya kwa mpira pamoja na maji ya kawaida ya kubadilisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya bakteria wazuri wanaishi juu ya punje hizo. Chujio lisioshwe katika wiki hizo. Anzia upande mmoja wa tangi na uumalize, ili samaki wawe na pa kujificha na ili mchanga mpya usizikwe chini ya ule wa zamani. Pima amonia siku inayofuata kila awamu. Ikionekana, subiri ishuke kabla ya kuendelea, hata kama kazi itachukua wiki sita badala ya tatu. Na mchanga mpya uwe umekwisha kukaa siku saba kwenye chupa, shahidi akiwa kando yake, kabla ya mpira kuingizwa kwenye tangi kwa mara ya kwanza.